Pesa ya dago, gari ya mtumba: kwa nini Mkojani anauziwa rangi?



Leo tuiache siasa ya majukwaani, tuzungumze siasa ya mfukoni. Kila msimu wa dago ukimalizika kuna biashara inachangamka Pemba nzima, nayo ni ya gari za mtumba. Nazungumzia hizi gari za juu za familia: RAV4, Escudo, X-Trail, CR-V na ndugu zao. Zamani Mkojani akirudi na pesa alinunua bati, nyavu au mashine ya boti. Siku hizi ndugu watano au sita wa tumbo moja wanachanga wananunua gari. Sababu zao za msingi kabisa. Mama akishikwa na uchungu saa nane za usiku, ukishamvusha maji bado una safari ya kumfikisha spitali ya Wete au Chake. Kuna harusi, kuna maiti, kuna watoto wa skuli, kuna mizigo. Anayesema gari kwa mtu wa Kojani ni anasa hajawahi kusimama ng'ambo usiku akisubiri gari ya kukodi.

Kwa hiyo sina ugomvi na kununua gari. Ugomvi wangu ni jinsi tunavyonunua. Hoja yangu ni hii: hatununui gari, tunanunua rangi na jina. Na la kushangaza ni kwamba watu hawa hawa hakuna mtu pwani yote ya Afrika Mashariki anayeweza kuwauzia chombo kibovu cha baharini. Sasa vipi watu waliozaliwa wanajua kukagua chombo wanauziwa gari iliyooza chini?

TUANZE NA CHOMBO TUNACHOKIJUA

Mzee wa Kojani akienda kununua dau la mtu, haulizi kwanza limepakwa rangi gani. Anasubiri maji yatoke, chombo kikae mchangani, halafu anainama. Anatazama mkuku, anatazama mataruma, anagonga mbao moja moja asikilize sauti. Anaangalia kalafati imeshika au imepigwa juzi kwa ajili ya kuuzia. Anauliza: chombo hiki kimevua wapi, kwa muda gani, nahodha wake nani, kwa nini kinauzwa? Akishamaliza hapo ndipo anataja bei. Usione vyaelea, vimeundwa.

Mzee huyo huyo akija kwenye gari, anafungua mlango, anakaa, anawasha redio, anasikia kiyoyozi kinapuliza baridi, dalali anamwambia "mzee hii ni Toyota, haifi", na pesa zinatoka mfukoni. Hakuna aliyeinama. Hakuna aliyegonga. Hakuna aliyeuliza nahodha wake nani.

Jamani, gari nayo ina mkuku wake na mataruma yake. Iko chini, hukohuko kusikotazamwa.

Na sisi Wazanzibari tuna sababu ya uchungu ya kulijua hili. MV Skagit iliyozama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, ikitoka Dar kuja Unguja, haikuwa chombo cha kizamani sana. Ilijengwa 1989. Lakini ilikuwa imefanya kazi Marekani, jimbo la Washington, kwenye maji yaliyokingwa na visiwa. Ikaletwa kwenye mkondo wetu wakati wa upepo. Sifanyi utani na msiba, Mwenyezi Mungu awarehemu waliokwenda. Nasema tu kwamba kitu cha mtumba huulizwa maswali mawili: kimeishi wapi huko nyuma, na kinakuja kuishi wapi? Umri peke yake haujibu.

GARI HIZI ZINATOKA WAPI

Nyingi zinatoka Japani. Kule gari mpya inakwenda ukaguzi wa serikali ikifika miaka 3, halafu kila miaka 2. Ukaguzi ule na matengenezo yake vinagharimu pesa nyingi, kwa hiyo wengi wanaona bora wauze gari wachukue nyingine. Zinaingia minadani, kampuni za kusafirisha nje zinazinunua, zinapandishwa meli. Usukani wao uko kulia kama wetu, ndiyo maana soko letu na lao linapatana.

Sasa majirani zetu wameweka ukuta. Kenya haipokei gari iliyozidi miaka 8. Uganda tangu 2018 imezuia gari zenye umri wa miaka 15 na zaidi. Tanzania Bara gari kuukuu inaingia ila inaongezewa ushuru kwa sababu ya umri wake. Matokeo yake ni kwamba gari kubwa kwa umri lazima itafute bandari itakayoipokea, na Unguja ni mojawapo. Kwa mnunuzi ni nafuu ya bei. Lakini rahisi ghali, kwa maana sisi ndio tunaokutana na gari ikiwa imeshazeeka.

Njia ya pili ni Dubai. Pale Ras Al Khor kuna eneo maalumu liitwalo DUCAMZ linalouza gari za usukani wa kulia kwa ajili ya kupelekwa nje, Afrika tukiwemo. Na wengi wetu tuna mjomba au ami Oman au Imarati anayesema "subirini nitawatumia". Ahsante ami, lakini kumbukeni gari za kule zenyewe usukani uko kushoto. Ukiletewa gari ya Ghuba iliyohamishiwa usukani kulia, maana yake dashibodi ilifumuliwa na nyaya zikaguswa. Halafu kumbukeni mafuriko. Oman ilipigwa na kimbunga Gonu Juni 2007 na Shaheen Oktoba 2021. Dubai yenyewe ilijaa maji Aprili 2024. Japani nayo ilipigwa na kimbunga Hagibis Oktoba 2019. Gari zilizozama hazitupwi zote. Nyingine zinaoshwa, zinakaushwa, zinatafutiwa mtu wa mbali ambaye hatoweza kurudi kudai.

Njia ya tatu wengi hawaifikirii: Unguja kwenyewe. RAV4 na Escudo ndizo gari za kukodishwa watalii. Zinapelekwa Nungwi, Paje, Jambiani, nyingine zinashushwa mpaka ufukweni, dereva mpya kila siku ya Mungu, wengine hawajawahi kuendesha upande wa kushoto. Zikichoka zinapigwa rangi, zinapandishwa meli, zinateremka Mkoani. Tangazo linasema "gari safi, imetunzwa". Imetunzwa na nani?

ADUI WETU NAMBA MOJA NI CHUMVI

Wadau wengi wakiuliza "gari gani nzuri" wanataka jibu la injini. Kwa Pemba, na zaidi kwa upande wetu wa mashariki, mimi naanza na chumvi. Injini mbovu inatolewa inawekwa nyingine. Gari iliyooza chini haina dawa, utachomelea leo hapa kesho pale mpaka ubaki na viraka vinavyotembea.

Chumvi inaweza kuingia mara tatu. Mara ya kwanza hukohuko Japani: mikoa ya baridi kama Hokkaido barabara zinamwagwa chumvi wakati wa theluji ili magari yasiteleze, nayo inaruka inakaa uvunguni. Mara ya pili ni kwenye ufukwe wa Unguja. Mara ya tatu ni sisi wenyewe. Gari inalala ng'ambo karibu na maji, upepo wa bahari unaipuliza usiku kucha. Halafu tunapakia matenga ya samaki na nyavu mbichi kwenye buti. Yale maji ya samaki yanapenya chini ya zulia, yanakaa. Ukikuta gari kwa juu inang'ara na chini ya zulia la buti unaingiza kidole, usishangae.

Kama gari inatoka mnadani Japani, omba karatasi yake ya mnada. Karatasi ile ina mchoro wa gari na herufi. A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni pahala palipotengenezwa. Herufi mbili za kuziogopa sisi watu wa pwani ni S, yaani kutu, na C, yaani chuma kimeliwa. Halafu kuna alama ya jumla: 4 na kupanda ni gari nzuri, na R ni gari iliyopata ajali ikatengenezwa. R si haramu, zipo zilizotengenezwa vizuri, lakini bei yake haiwezi kuwa sawa na ya 4. Muuzaji akikwambia karatasi imepotea, na wewe pesa yako ipotee njiani.

JINA SI DHAMANA

"Toyota haifi." Sawa, lakini Toyota ipi? Tuzichambue hizi zinazozunguka Pemba.

RAV4 ya kizazi cha kwanza, ya 1994 mpaka 2000, ina injini ya 3S. Ni ngumu, mafundi wetu wanaijua usingizini, ila inatumia mkanda wa taimingi ambao unatakiwa kubadilishwa kwenye kilomita 100,000. Muulize muuzaji umebadilishwa lini. RAV4 ya kizazi cha pili, ya 2000 mpaka 2005, ina injini ya 1AZ, yenye cheni. Hapa kuwa makini. Nyingi za soko la Japani ni zile zilizoandikwa D-4, zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Hazipendi petroli chafu hata kidogo, na petroli ya kwenye chupa za barabarani mnaijua wenyewe. Pia familia ya injini za AZ, hasa 2AZ, inajulikana kwa boliti za silinda hedi kupoteza meno kwenye bloku ya alumini. Dalili yake ni maji ya rejeta kupungua bila kuona yanapovuja, na gari kuchemka.

Escudo ya miaka ya mwisho ya 90 mpaka 2005 ina chesisi ya ngazi kama lori dogo na gia ya chini ya kupandia. Kwa njia mbovu za shamba inafaa. Lakini chesisi ile ile ndiyo ya kuigonga kwa nyundo, maana ikioza umeozewa na uti wa mgongo. Kama familia ni kubwa ipo Grand Escudo ya watu 7, ila injini yake ni kubwa, silinda 6, mafuta utayahisi.

X-Trail ya kwanza, 2000 mpaka 2007, ni ile yenye saa za mwendo katikati ya dashibodi. Ina nafasi nzuri, lakini angalia kama inakula oili. Ya pili, ya 2007 kuendelea, nyingi zina giaboksi ya CVT. Giaboksi hii si mbaya, ila inataka oili yake maalumu. Fundi akiitia oili ya kawaida ya otomatiki umeiua kwa mkono wako.

CR-V ya kwanza ina mkanda, ya pili ya 2001 mpaka 2006 ina cheni. Ni gari laini. Swali lake ni spea: je, kitu chake unakipata Chake, au mpaka utume mtu Unguja au Kariakoo?

Hapo ndipo penye jibu la "gari gani nzuri". Gari nzuri kwa Pemba ni ile ambayo fundi wa karibu anaijua na spea yake inafika kabla ya wiki. Gari inayosubiri kifaa siku 20 chini ya mwembe, hata kama ni imara namna gani, usiku ule wa mama kwenda spitali ni sawa na jiwe.

Na jambo moja tusisahau kuhesabu: RAV4, Escudo ya kawaida, X-Trail na CR-V hizi ni gari za watu 5. Familia ya watu 9 ikipanda humo, bushi na shokapu zinakwisha kabla ya mwaka, na breki zinafanya kazi ambayo hazikutengenezewa. Kama shida yenu ni watu wengi kwenye barabara ya lami, Noah inaweza kuwa na akili zaidi kuliko gari ya juu. Haina heshima ile, najua, lakini heshima haibebi mgonjwa.

KILOMITA ZINADANGANYA

Mjapani wa kawaida anaendesha karibu kilomita 10,000 kwa mwaka, wengine chini ya hapo. Kwa hiyo gari ya 2004 iliyofika kwetu baada ya miaka 15, ukiona saa inasoma 58,000, usikatae moja kwa moja lakini usiamini pia. Saa za mwendo zinarudishwa nyuma. Tazama vitu visivyorudishwa: mpira wa pedali ya breki, usukani uliolainika, kiti cha dereva kilivyolala, kishikio cha mlango. Gari ya kilomita 58,000 haiwezi kuwa na pedali iliyokwisha mpaka chuma.

Mwaka wa gari nao uhakikishe. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, chini kuna kibandiko chenye tarehe ya kutengenezwa. Ukiwa umeuvuta, angalia kama kuna mstari wa tope, maana hiyo ni alama ya mafuriko. Tairi zina tarakimu 4: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi inaweza kuwa na meno mazima na ikawa imezeeka, jua letu halina huruma.

SAA MOJA NA FUNDI

Mchukue fundi WAKO, mlipe wewe. Fundi aliyeletwa na dalali ni wa dalali. Halafu fateni hivi:

1. Nendeni asubuhi, gari ikiwa baridi. Ukigusa boneti ukakuta moto, ujue imeshawashwa kabla hujafika. Uliza kwa nini.

2. Iinueni gari, au tafuteni pahala pa shimo. Fundi agonge chesisi, sakafu, na pale shokapu zinaposhika. Kutu ya juu juu inayokwangulika si kitu. Kutu inayoanguka vipande vipande, au sehemu iliyopakwa rangi nyeusi nzito juzi peke yake, ni ya kushuku. Hiyo ndiyo kalafati ya kuuzia.

3. Fungua kifuniko cha oili. Ukiona kitu kama tui, maji yameingia kwenye oili. Fungua rejeta (ikiwa BARIDI, msije mkaungua). Maji yakiwa na mafuta juu, habari ni ile ile.

4. Washa. Moshi wa buluu, inakula oili. Mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto, inakula maji. Mweusi, inamwaga petroli.

5. Ukifungua ufunguo kabla ya kuwasha, taa zote za onyo lazima ziwake, halafu zizimike injini ikishawaka. Taa ya injini isipowaka kabisa, kuna mtu ameitoa ili usione. Kifaa cha kusomea kompyuta ya gari siku hizi si ghali, mafundi wengi wanacho.

6. Chomoa kijiti cha oili ya giaboksi ya otomatiki ikiwa nacho. Nyekundu safi ni nzuri. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, ondokeni.

7. Endesheni, si mtaani tu. Pandeni kilima, piteni njia mbovu, zungukeni usukani mpaka mwisho mkisikiliza "ka-ka-ka" ya magurudumu ya mbele. Shikeni breki kwenye barabara tupu muone inavuta upande gani.

8. Inueni zulia. Nuseni. Angalieni boliti za viti na shimo la tairi ya akiba. Gari iliyozama inasema hapo.

9. Linganisha namba ya chesisi kwenye gari na iliyoandikwa kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu.

Muuzaji akikataa hata moja kati ya haya, msigombane naye. Mshukuruni muondoke. Ameshajibu.

SIASA YENYEWE: PESA YA MSIMU

Sasa wadau mtaniuliza, kama mambo ni mepesi hivi, kwa nini watu wanaendelea kuliwa? Hapa ndipo uchambuzi wenyewe ulipo. Sababu si ujinga. Sababu ni kalenda.

Mfanyakazi wa mshahara ananunua gari akiwa na mwezi huu na mwezi ujao. Mvuvi wa dago anapata pesa yake kwa mkupuo, taslimu, na kila mtu anajua amerudi. Ana wiki chache kabla ya kuondoka tena. Nyumbani kuna madeni, kuna harusi, kuna wanaoomba. Anaona asipoinunua gari wiki hii pesa itayeyuka. Dalali analijua hilo kuliko yeye. Ndiyo maana utaambiwa "kuna mtu wa Chake anakuja kesho na pesa yake". Wallahi, huyo mtu wa Chake anakuja kila kesho miaka yote.

Tatizo la pili: pesa ni ya wengi lakini mkaguzi ni mmoja. Ndugu sita wamechanga, anayetumwa ni yule mwenye maneno, si yule mwenye ujuzi. Gari ikifa, hapigiwi simu dalali. Wanagombana ndugu. Nyumba inaweza kuvunjika kwa sababu ya gasketi.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme ndugu sita wametoa milioni 2.5 kila mmoja, jumla milioni 15. Wengi watatafuta gari ya milioni 15. Hapo mmeshapoteza. Tafuteni gari ya milioni 12, na milioni 3 ifungeni pembeni. Hiyo ndiyo ya kubadilisha jina, bima, oili zote, tairi, betri, bushi na lile jambo moja ambalo hata fundi bora hakuliona. Kila gari ya mtumba ina jambo moja. Mwenye akiba analitengeneza, asiye na akiba anaiegesha.

Halafu vijana wa kafe, hapa ndipo mnapohitajika. Mzee hawezi kufungua mtandao akaangalia bei za kampuni za Japani, nyinyi mnaweza. TRA ina mfumo kwenye tovuti yake wa kukadiria kodi ya gari za mtumba. Kaeni dakika 20, pigeni bei ya gari, meli na ushuru, mjue gari ile ikiagizwa inasimama kwa shilingi ngapi. Mkishajua, bei ya dalali haitawatisha wala haitawarubuni. Na ikiwa ni ya chini MNO kuliko kuagiza, msifurahi. Ulizeni ina nini.

KARATASI NA NAMBA YA Z

Wapo wanaonunua gari yenye namba ya Z kwa bei nzuri wakifikiria baadaye wataivusha Tanga au Dar wakifate dago kwa gari. Tahadhari. Suala la gari zilizosajiliwa Zanzibar kuingia Bara na tofauti ya ushuru limekaa miaka mingi kwenye orodha ya kero za Muungano, na masharti yake yamekuwa yakibadilika. Kabla ya kununua kwa nia hiyo, nendeni TRA muulize wenyewe, msimuulize dalali.

Na kadi isiyo na jina lenu si gari yenu. Andikeni mkataba, wawepo mashahidi, na jina libadilishwe kwenye ofisi ya usajili kabla ya kumaliza malipo yote. Zanzibar ipo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara (ZFCC) inayoshughulikia haki za mlaji, lakini ukienda kulalamika na mkataba wa mdomo chini ya mwembe, utakwenda na nini?

GARI ILIYOLALA NG'AMBO

Mwisho, kuna matatizo yanayoanza baada ya kununua. Gari ya Mkojani inalala mbali na mwenyewe. Vijana wakienda dago inakaa wiki, mwezi. Betri inakufa, breki zinashika, panya wanakula nyaya. Mwekeni mtu mmoja, apewe chochote, kila wiki aiwashe mpaka ipate moto na aisogeze mbele na nyuma. Ikiegeshwa muda mrefu isivutwe breki ya mkono, iwekewe jiwe. Uvungu uoshwe kwa maji matamu, si ya kisima chenye chumvi. Samaki wapakiwe kwenye ndoo zenye mfuniko, chini liwekwe turubai. Mashine ya boti tukitoka baharini tunaisuuza kwa maji baridi bila kukumbushwa. Gari nayo inaomba hivyo hivyo.

Na pendekezo langu kwa wakubwa: kila kitu Pemba kinakaguliwa kikiingia, lakini gari ikiuzwa kutoka mkono hadi mkono hakuna anayeikagua ila mnunuzi. Kungekuwa na shimo moja la ukaguzi Wete au Chake, la kulipia, anayeuza na anayenunua wanakwenda pamoja wanapewa karatasi, ugomvi mwingi ungekwisha. Na wakubwa wakichelewa, vijana wenyewe mnaweza: jeki mbili nzuri, tochi, nyundo, kifaa cha kusomea kompyuta, na fundi mwaminifu. Hiyo ni biashara, na ni sadaka pia.

Pesa ya dago mtu anaitafuta usiku, kwenye baridi, kwenye maji yasiyo na huruma, miezi mbali na watoto wake. Haifai kuishia kwenye rangi. Tuiname wadau, tutazame chini kama tunavyotazama dau.

Naomba kuwasilisha. Aliyewahi kununua aseme alichokiona, aliyeuza naye aje ajitetee. Mafundi wa Wete na Chake, nyinyi hasa nawasubiri. Karibuni tuchangie, ila lugha ya heshima tafadhali.